Kona ya Utulivu Sokoni Nunguni

Nilipochora ramani ya banda jipya la soko la Nunguni, niliwaambia wanakamati kwamba hata jengo lisilo kanisa linaweza kumgusa mtu rohoni. Nilikuwa nimetoka chuo majuzi, na nilivaa miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mwenyekiti akauliza, "Na choo umeweka wapi?"

Fahari yangu ilikuwa kona ya mbele: benchi la mawe na dirisha la duara lisilo na kioo, ili mwanga wa asubuhi umwangukie aliyeketi. Siku ya ufunguzi niliielezea kona hiyo hadi akina mama wakarudi kupanga mboga zao.

Miezi miwili baadaye nilirudi kuona watu wakiguswa rohoni. Benchi lilikuwa limejaa kabichi hadi dirishani. Kwa hasira nikaanza kuzihamisha, moja moja, na suti yangu mwilini. Muuza viazi wa karibu akaniambia, "Ngoja mwenyewe. Ameenda kuomba."

"Kanisani?"

"Hapo nyuma, kwa tangi."

Kati ya tangi la maji na ukuta wa stoo kulikuwa na nafasi nyembamba iliyobaki kwa sababu nilikosea vipimo. Mama mwenye kabichi alisimama humo, macho amefumba. Nje, muuza leso aliyetoka Kitui mjini alikuwa ameshatawadha kwenye mfereji, mkeka kwapani, akingoja zamu yake. Nilipofungua mdomo, akaweka kidole mdomoni: nyamaza.

Mama alipotoka nikamuuliza, "Mama, mbona huku, na nimewajengea pazuri kule mbele?"

"Kule kuna upepo, mwanangu. Halafu ukikaa pale ni kama unapigwa picha." Akaitazama suti yangu. "Na wewe ulikuwa unatafuta nini kwa kabichi zangu?"

Nikapangusa jani la kabichi kwenye suti.

Muuza leso alipomaliza, niliingia nikijifanya napima. Ukungu ulikuwa umeshuka, na kelele za soko zilisikika kwa mbali, kama redio ya jirani. Futi ya kupimia ikabaki mkononi. Nikamkumbuka baba, ambaye tulimzika mwaka uliotangulia nikiwa na shughuli nyingi mno hata nisimlilie. Nililia hapo, miwani ikajaa ukungu wa ndani na wa nje.

Mtu akakohoa.

"Injinia," sauti ya kike ikasema kwa upole, "maliza, kuna foleni."