Bi Zamda Arudishiwa Nyumba Yake

Kwa miaka mingi watu wa Kanyenye walijua kumekucha kwa harufu ya vitumbua vya Bi Zamda. Wateja walibisha hodi mlango wa nyuma, naye akawaitikia huku mkono ukiendelea kugeuza. Kisha siku moja, akiwa anaanika nguo uani, kiharusi kikampiga. Alitoka hospitalini ulimi ukiwa salama, ila mguu na mkono wa kushoto vimelegea. Akapewa kiti cha magurudumu.

Mwanawe Issa, anayefanya kazi Isikizya, alimchukua akakae kwake, baba yake akabaki Kanyenye kulinda nyumba. Huko hakukosa kitu. Mkwewe alimwosha kwa heshima, wajukuu wakagombania kukaa karibu naye. Lakini kila alipotaka kusogea jikoni aliambiwa, "Pumzika, bibi." Akapumzika mpaka kupumzika kwenyewe kukamchosha.

"Mwanangu, Mungu akulipe kwa wema wako," alimwambia Issa. "Sasa nirudishe kwangu."

"Mama, ile nyumba itakushinda. Vile vizingiti hata mimi hunikwaza."

"Kama ni kunishinda, inishinde nikiwa humo humo."

Issa akamrudisha, na alilolihofia likawa kweli. Nyumba ile ilijengwa na baba mkwe wa Bi Zamda, yaani baba mzazi wa mumewe, Mzee Adinani. Ilikuwa ya tofali za udongo, kuta nene, jiko lenye kiza, na kila mlango ulikuwa na kizingiti kirefu cha mninga. Kiti hakikuvuka hata kimoja. Mzee Adinani, mwenye maumivu ya mgongo, ndiye aliyembeba mkewe kwenda msalani, kisha akasimama nje ya pazia akimsubiri. Hakunung'unika hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma Bi Zamda zaidi. Akaanza kujinyima maji, ili asimsumbue.

Mzee akaja kugundua. "Mama Issa, mbona birika liko vile vile? Hunywi?"

Bi Zamda alitaka kusema hana kiu. Badala yake machozi yakamtoka, naye Mzee Adinani akaelewa bila kuambiwa. Siku hiyo hiyo akampigia simu Issa.

Issa hakusema kwamba alishawaonya. Alikuja na seremala aliyemtengenezea vitanda vyake, Aleksi Nijimbere, mzaliwa wa Ulyankulu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Nijimbere aliizungushia macho nyumba, kisha akasema, "Mama, niazime kiti chako."

Wakamhamishia Bi Zamda kitandani. Fundi akaketi kitini, akaukunja mkono wake wa kushoto kifuani, akajisukuma kwa wa kulia. Kiti kikazunguka pale pale kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Sukuma na mguu wa kulia, fundi!" Bi Zamda alimpigia kelele. "Utazunguka hapo mpaka magharibi!"

Nijimbere akatii, akapata mwendo, akaenda kukwama kwenye mlango wa jikoni, vidole vikichubuka kwenye fremu. "Yoo!" Bi Zamda akaangua kicheko, Issa naye akacheka, hata Mzee Adinani akaegemea ukuta akijifuta macho. Kicheko kama hicho hakikuwa kimesikika mle ndani tangu augue.

"Sasa, mama," fundi alisema akipuliza vidole, "mimi nimekaa humu kidogo tu. Wewe ndiye unayejua. Niambie."

Akamwambia yote: bakuli linavyomkimbia anapokoroga kwa mkono mmoja, swichi zilizo juu, moshi, na ule mlango wa msalani wenye pazia tu. Huo aliutaja kwa sauti ya chini.

Nijimbere hakutaka kubomoa. Alisema kuta za udongo zinaipa nyumba ubaridi mchana wa jua kali, ziachwe, zipakwe chokaa tu ili ndani kung'ae. Vizingiti ndivyo viondoke. Hapo Mzee Adinani akasita, akakipapasa kimoja kwa kiganja. "Hivi baba aliviweka kwa mkono wake."

"Baba mkwe alinipenda," Bi Zamda akamjibu taratibu. "Angekuwa hai, msumeno angeushika yeye."

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akamshikia fundi kizingiti cha kwanza kikakatwa.

Mbao zile za mninga zikageuka vishikio vya msalani na meza ya jikoni iliyomfika mapajani, yenye tundu la duara ambamo bakuli linakaa bila kuhama. Jiko banifu likajengwa chini kidogo, na bomba la kutoa moshi juu ya paa. Bati moja likabadilishwa na lile linalopitisha mwanga. Issa aliteremsha swichi, akamwaga mteremko wa saruji mlango wa nyuma. Choo kikawa cha kukaa, na pazia likaondolewa, ukawekwa mlango mpana wa kusukuma pembeni.

Siku kazi ilipokwisha, Bi Zamda alijisukuma mwenyewe hadi msalani. Mzee Adinani akainuka kumfuata, kama alivyozoea.

"Kaa, Baba Issa."

Akaingia, akauvuta mlango, ukafunga. Alikaa peke yake akiwa amekishika kishikio. Maneno ya kushukuru yalikuwa mengi, yeye likamtoka neno moja tu: alhamdulillahi. Akalirudia mara nyingi, kwa mume, kwa mwana, kwa fundi, na kwa mguu wake wa kulia.

Alipotoka alimkuta Mzee Adinani bado ameketi, mikono magotini, hajui aifanyie nini. Bi Zamda akaenda jikoni, akamimina maji kwenye kikombe, akakiweka katikati ya mapaja, akamletea. Kisha akarudi kujaza chake, akanywa chote.