Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Matembezi ya kuwachangia vijana wenye saratani niliyaomba mimi kanisani, na fulana nilizichapisha mimi. Nalisema hilo mapema, maana hasira niliyonayo hainibakizi hata mimi mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na miwili na uvimbe kwenye goti, na Jumatatu alitakiwa awe Mbeya kwa duru ya pili ya dawa, yeye na wenzake wawili. Hata nauli hawakuwa nayo.

Wiki nzima nilizunguka nyumba kwa nyumba. "Dada, mambo magumu, tutaangalia." Kakao imeshuka bei, mpunga umezama. Lakini akifa mtu, watu walewale hawaulizi bei ya kakao! Hutoka magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, hata ng'ombe, na tunakula msibani siku tatu mpaka tunavimbiwa.

Jumamosi asubuhi tukaanza safari kutoka Ngonga, watu thelathini hivi. Kila mmoja alikuwa na picha ya mdogo wangu kifuani. Akina mama wa kwaya walijifunga khanga kiunoni kwa ajili ya mwendo, wakawa wanaimba nyimbo za kanisani. Mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, analetwa polepole na bodaboda kwa sababu ya mguu. Mtu mwenye akili angeona tunafanana na nini. Mimi sikuona.

Tulipoingia kijiji cha Ikolo, mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga aliitazama fulana yangu, akashika kichwa, akapiga yowe la msiba. Huyo ndiye niliyemfuata Jumanne akaniambia ndani hakuna hata punje. Kufumba na kufumbua uwanja ukajaa wanawake wanaolia na kujitupa chini.

"Jamani, hajafa!" nikapaza sauti. Nani anisikie? Gunia la mchele likatoka katika nyumba ile isiyo na punje. Ndizi zikaja, noti nikasukumiwa mkononi. "Ndaga fijo, dada, pole sana." Nilitamani kuwatupia noti zao usoni, na wakati huohuo nilizishika kwa nguvu.

Ndipo bodaboda ikafika. Mdogo wangu akashuka akiegemea gongo lake, kichwa hakina hata unywele, akawasalimia. Kilio kikakatika. Wengine wakacheka kwa aibu. Yule mama akafuta machozi, akalisogelea gunia, akalishika mdomo.

"Unalipeleka wapi, mama?" nikamuuliza.

"Mchele huu ulikuwa wa msiba, mwanangu. Sasa msiba haupo."

Alisema hivyo kwa upole, bila ubaya wowote, na hapo ndipo damu iliponichemka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane mbele ya kwaya nzima. Mdogo wangu akaniwahi. Akachechemea, akaketi juu ya gunia, akaunyoosha mguu wake mbovu.

"Mama, umeshanililia," akamwambia. "Mchele huu naondoka nao. Nikifa, usilete kitu."

Yule mama akaachia gunia. Mchele ukauzwa siku ileile, na Jumatatu wote watatu wakapanda gari la Mbeya.

Tulimzika mdogo wangu mwaka uliofuata. Yule mama alikuja mikono mitupu, akakaa nasi siku zote tatu. Wanawake wakamsema jikoni kwa ubahili wake, naye akiwasikia. Nilijua kwa nini hakuleta kitu, na sikumtetea.