Chungu Nilichokitoboa Kanduyi

Harufu ya vanishi hunichefua hadi leo, na bado ndiyo kazi yangu. Nilikulia Kiminini, kando ya barabara, ambako mama aligeuza vitu vilivyotupwa kuwa mapambo ya nyumba: pasi ya makaa ikapandwa maua, kinu kilichopasuka kikawa meza ndogo, taa ya chemli ikaning'inizwa sebuleni kwa tajiri fulani wa Kitale. "Kitu cha zamani ni pesa, bana," alisema huku akisugua kwa msasa. Nami nilimwamini mno. Kila nyumba niliyoingia, macho yangu yalikimbilia pembeni kutafuta kilichosahauliwa.

Likizo ya Aprili nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nilipelekwa Kanduyi kwa kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Katika jiko lake la zamani palikuwa na chungu kikubwa cha udongo, kimefunikwa gunia, buibui wamejijengea. Nikasema moyoni, maskini kukhu, hata hajui ana nini! Alipokwenda matanga ya siku mbili, nikakifanyia kama alivyonifunza mama. Nikakiloweka usiku kucha kisipasuke, nikakitoboa matundu matatu chini kwa msumari, nikigonga polepole, ili maji ya maua yasituame. Nikakipaka mistari myeupe, nikakiweka mlangoni juu ya matofali, nikapanda maua. Hakikupata hata ufa. Jamani, nilivyojivuna!

Kukhu alirudi, akayasifu maua tangu langoni. Alipokaribia aliinama, akapitisha mkono chini ya chungu, ukatoka na tope.

"Umekitoboa?"

"Ndiyo, kukhu, ili maji yatoke."

Akaketi chini pale pale na nguo zake za matanga. "Sasa busaa ya Wafula tutaiweka wapi?"

Wafula, binamu yangu, alikuwa apashwe tohara Agosti. Pombe hiyo ya tohara ya baba yangu na ya ndugu zake wote ilichachukia ndani ya chungu kile, na kila sherehe ilipokwisha kilifunikwa gunia kumngoja kijana mwingine. Mama alikuja mbio kutoka Kiminini, akaahidi chungu kipya cha soko la Bungoma, kikubwa zaidi. "Basi ninunulie na mama yangu," kukhu alimjibu, maana mama yake ndiye aliyempa chungu kile alipoolewa. Agosti busaa ikawekwa kwenye pipa la plastiki la buluu. Wanaume walikunywa tu, ati hakuna tofauti. Mimi nilijificha nyuma ya zizi nikilia.

Siku hizi nina karakana yangu Kitale. Watu huniletea vitu kwa pikapu hadi kutoka Endebess, na sinunui kabla ya kuuliza mwenyewe yuko wapi na kama anajua. Wananicheka, si ni takataka tu? Wacheke. Nyumbani, wanangu nikiwatuma dukani wananuna, ati mbona kila mara wao, na hasira hunipanda hadi wananishangaa. Kabla ya kile chungu, kukhu alinituma mchana kutwa: niletee maji, kimbia ukaombe moto, shika ufunguo ufungue sanduku langu. Hakunichapa, wala hakunisema kwa mtu. Aliishi miaka minne zaidi, na hakunituma tena hata kiberiti.