Kuitika Bila Kuitwa

Kazi yangu ilikuwa kusimama. Miaka ile nilikuwa mlinzi kwenye ukumbi mmoja wa Doha, na wiki hiyo nililinda meza ya mzee Mchina, fundi wa vyungu aliyeletwa kuonyesha ufundi wake. Pembeni yake alikaa binti yake, mwalimu wa Kiingereza, akimtafsiria. Ukoo wao tangu zamani ulichovya vyungu kwenye uji wa unga wa mawe, ambao ukiingia tanurini hugeuka kioo cha kijani. Binti ndiye mtoto wa pekee, na hakutaka kugusa hata tone. Aliniambia mwenyewe wakati wa chai: baba amembembeleza ajifunze tangu utotoni, na mzee akiondoka, basi, ufundi umekwisha. Alisema hivyo huku akikagua kucha zake.

Siku ya tatu mzee aliinua bakuli kavu, akaonyesha ndoo ya ule uji, akafoka, "Yo! Yo!" macho yakiwa kwangu. Mimi Kiingereza cha kuamrishwa nimekizoea. Nikajua anasema "yu", yaani wewe. Wewe mlinzi. Nikakunja mikono ya sare, nikampokonya bakuli kwa heshima zote, nikalitumbukiza ndooni mpaka viwiko vikalowa.

Kumbe "yo" kwa Kichina ni jina la ule uji.

Mzee akacheka. Alicheka mpaka akashikilia meza, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka wawili kama wendawazimu. Badala ya kunifukuza, alinipanga vidole: vitatu tu, chovya, vuta pumzi moja, toa. Tukaenda bakuli la pili, la tatu. Jamani, niliona raha! Msimamizi wangu alikuwa mlango wa pili tu, na sikujali hata kidogo.

Binti alikuwa ameacha kutafsiri. Nikamuuliza kama nimemkosea.

"Hajawahi kucheka hivyo na mimi," akasema.

Akavua pete zake, akaniambia nimpishe. Bakuli lake la kwanza lilitoka vibaya kuliko langu, alama za vidole vitano zimejaa ubavuni. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, na safari hii hakucheka. Aligeukia ukutani, mabega yakitikisika.

Binti akaniuliza mbona baba haangalii. Nikamwambia achovye lingine.