Babu Yetu Alikuwa Mwanamke wa Ayalandi

Sisi tuliokulia vilima vya kati ya Roret na Kapkatet, wakati majani chai bado yanabebwa mgongoni kwa vikapu vya mianzi, tuliogopa kitu kimoja kuliko mvua ya mawe: ile chimni ya mawe iliyosimama peke yake katikati ya chai. Nyumba yenyewe ilishaanguka. Mabati yalikwenda na watu, milango ikaenda na watu, lakini chimni hakuna aliyeigusa. Ukungu ukishuka mchana kutoka msituni, chai yote ilizama, ikabaki hiyo tu, ndefu, kama mtu anayesimama kuuliza njia. Tulikuwa tukicheza mchezo wa kati kwa mpira wa karatasi na soksi, na kelele zetu zilisikika mpaka Sotik, lakini ukungu ukifika pale tulinyamaza wote bila kuambiwa. Watoto wa leo wanaogopa simu kuzima. Sisi tulijua kuogopa.

Hapo ndipo alipoishi babu yetu mzaa baba. Na babu yetu, nisiwafiche, alikuwa mwanamke Mzungu kutoka Ayalandi.

Msicheke kwanza. Kogo, nyanya yangu, alitusimulia mambo haya akisugua vibuyu vya maziwa lala kwa mkaa, jikoni kukinuka moshi na siagi. Mwanamke huyo alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, yeye na mumewe. Mume akafa homa njiani. Akamzika kando ya njia, akavaa viatu vya marehemu, akaendelea na safari. Alipofika kwetu ukungu ukamfunika, akasimamisha ng'ombe akasema huu ni ukungu wa kwao, hapa hapa panatosha. Akajenga nyumba ya udongo na chimni ya mawe aliyobeba mwenyewe kutoka mtoni. Kogo alisema mawe, mimi nikiwasimulia wenzangu shuleni nilisema nusu ya mlima. Nywele zake zilikuwa nyekundu kama barabara ya Roret wakati wa kiangazi, ndiyo maana wazee wakamwita Chebirir, yaani yule mwekundu. Alikamua ng'ombe wake kwa mkono wake, na kwa hilo Wazungu wenzake hawakumtembelea hata kwa bahati mbaya.

Sasa, akazeeka bila mtoto. Akina mama majirani wakamwambia ukweli jinsi wanavyoambiana: "Wewe utakufa, na nani atakuita?" Kwetu mwanamke asiye na mtoto aliweza kuoa msichana, akatoa mahari kama mwanamume, na watoto ambao msichana huyo alizaa na mwanamume wa nje wakawa wa nyumba yake, yeye akiwa baba yao. Chebirir alicheka wiki nzima, halafu akaswaga ng'ombe mpaka kwa baba yake Kogo.

"Baba alikataa," Kogo alitwambia. "Halafu akaangalia maziwa ya wale ng'ombe, masikio yakazibuka."

Hivyo ndivyo Kogo alivyoolewa. Baba yetu akazaliwa mtoto wa nyumba ya Chebirir, na alipoulizwa shuleni babako ni nani alijibu hivyo hivyo, darasa likaanguka kwa kicheko. Chebirir alikufa baba akiwa bado anatambaa. Akazikwa karibu na chimni yake, shamba likakatwakatwa, chai ikapandwa.

Nilikuwa msichana wa kubeba watoto mgongoni wakati mdogo wangu wa mwisho alipozaliwa. Mtoto huyo alilia. Nimelea watoto wengi, lakini kilio kile kingeweza kukaranga mahindi. Alikataa titi. Alilia asubuhi, alilia mchana, na kila siku alikuwa mwepesi mgongoni mwangu kuliko jana, mpaka nikawa nageuza shingo kuhakikisha bado yuko. Dawa za hospitali alizitema. Na jambo moja tuliliona sote, hakuna aliyelitaja: ukungu ukishuka, alinyamaza. Ghafla, kama mtu aliyeitwa. Alifungua macho, akageuza kichwa upande wa chimni, akatulia hivyo mpaka ukungu uondoke. Halafu kilio tena.

Enzi hizo mtoto akilia namna hiyo, wazee walisema bado haijajulikana ni marehemu gani aliyerudi ndani yake. Basi akina mama wakaja alasiri moja kumwita. Kogo alishika ugoro kidogo kati ya vidole, wa kumsogezea mtoto puani. Yanatajwa majina ya waliokufa upande wa baba, moja moja, na jina ambalo mtoto atapigia chafya, huyo ndiye aliyekuja. Nami nilikuwa nimempakata.

Waliita wajomba wa baba, waliita mashangazi, waliita hata mzee mmoja ambaye hakuna aliyempenda. Tuliita wafu mpaka wakatuishia. Mtoto analia tu, ugoro unamwagika kwenye blanketi.

Ndipo mwanga ukapungua mlangoni. Ukungu ukaingia mpaka ndani, ukapita juu ya jiko, na mtoto akanyamaza. Kogo akaficha mkono ndani ya leso.

"Mama," mama yangu akamwambia, "kuna jina umeruka."

"Sijaruka."

"Mama, mtoto huyu hanyonyi. Anakauka nikimwona."

"Nilimwahidi!" Kogo akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Halafu akatueleza polepole. Siku ya kufa, Chebirir alimshika mkono akamwambia, msiniite kwa mtoto yeyote, nimechoka na huku, niacheni niende kwetu. "Miaka yote hii najua yuko njiani. Bahari ni kubwa, lakini yule alikuwa na miguu. Nikimwita sasa, nimemgeuza njiani. Na kama alikuwa amebakisha kilima kimoja?"

Jirani mmoja akasema labda tumngojee mchungaji. Mama yangu alikuwa ameokoka, alikuwa mwimbaji wa kanisa, na jambo hili lote alilikubali kwa shida. Lakini alimwangalia mtoto, akasema, "Mungu atanisamehe, na huyo Mzungu atanisamehe. Ita."

Kogo akasimama, akaelekea mlangoni, akazungumza na ukungu kama mke anayezungumza na mwenye nyumba. "Chebirir. Ni wewe?"

Mtoto hata hakupepesa. Nikasikia maji yakidondoka kwenye mabati.

Kogo akarudi, akainama mpaka kichwa chake kikagusa changu, akanong'ona jina ambalo hatujawahi kulisikia, jina alilopewa yule mwanamke na mama yake huko kwao. "Nora."

Mtoto akapiga chafya. Ilinipiga shingoni, baridi kama maji ya mto saa ya alfajiri, na nywele zangu zote zikasimama, na nawaapia hazijalala vizuri mpaka leo.

"Ugoro haujamfikia!" jirani akapiga kelele. Kweli. Ulikuwa bado ndani ya leso.

Nilidhani Kogo atalia. Alishika kiuno. "Kwa hivyo hukuenda popote?" akamkemea mtoto. "Mimi miaka yote najua uko njiani kwenda kwenu, kumbe uko hapo nje kwa baridi? Na unakuja saa hii, chakula kimepoa!"

Akina mama walicheka mpaka wakalazimika kushikana. Mama akampokea mtoto, na mtoto akanyonya kama ndama aliyekata kamba. Kogo alikuwa bado anagombana naye, machozi yanashuka, hayafuti.

Mdogo wangu huyo leo ana ng'ombe wa maziwa Sotik, na sauti yake bado inafika mbali. Mwezi uliopita alipata mjukuu wa kike. Jina lilitafutwa kwenye simu kabla mtoto hajazaliwa, zuri sana, linamalizika kwa herufi ambazo mimi siwezi kutamka bila kutema mate. Mtoto analia tangu wamtoe hospitali. Mama yake anamwekea simu inayotoa sauti ya mvua, wakati mvua yenyewe inanyesha nje, ya bure.

"Ni gesi tu, nyanya," ananiambia nikiuliza.

Enzi zetu mtoto aliulizwa yeye ni nani. Siku hizi anaambiwa. Labda ni afadhali, ugoro si kitu cha kumpa mtoto mchanga, na mimi mwenyewe nimesoma ngumbaru mpaka cheti, najua. Lakini Kogo alikufa zamani, na tangu hapo wamezaliwa watoto wengi katika nyumba yetu, wote hospitalini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa. Na Kogo hakuniambia hata siku moja kwamba anataka kuachwa asiitwe, kama Chebirir.

Jumapili nilikwenda kumwona mtoto. Mama yake alipotoka kuanika nguo, mdogo wangu alisogeza kiti.

"Dada, wewe unalikumbuka jina la Kogo, lile la utotoni?"

"Ninalo."

Mtoto akanyamaza. Alikuwa ameangalia mlango.

"Basi usiliseme leo," mdogo wangu akanong'ona. "Ana mafua. Atapiga chafya hata tukiita chifu."

Sasa napiga simu kila asubuhi kuuliza mafua ya mtoto yameendeleaje. Wanasema hawajawahi kuona nyanya mwenye upendo kama mimi.