Paja na Paji

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwetu karibu na Karurumo, nilianguka kutoka kwa mti wa makadamia nikavunjika mguu. Plasta ilipotolewa, paja la kushoto lilikuwa limekonda mno. Mama alichukua mukwa, ukanda wa ngozi ambao wanawake huvaa kwenye paji la uso wakibeba kuni mgongoni. Akapima mapaja yote mawili. Tofauti ilikuwa vidole vitatu.

Majirani walileta supu ya mifupa. Nilinenepa mashavu tu, paja likabaki vile vile. Nikakasirika. Kila jioni nilipanda matuta ya shamba la kahawa, mguu wa kushoto ukitangulia. Ulipotetemeka niliutukana kwa Kiembu, nikapanda tena. Kaka yangu alipocheka, nilimwambia apande na mimi au anyamaze. Akanyamaza.

Mvua zilipoisha, mama alipima tena. Mapaja yalikuwa sawa. Nikangoja anisifu. Aliutoa mukwa kwenye paja, akanivika kwenye paji la uso.

"Umepona," akasema. "Twende tukatafute kuni."

Niliondoka mbele yake, nikitanguliza wa kushoto.