Kustaafu Kabla ya Mvi

Mwanangu ni fundi lifti. Lifti za majengo marefu ya mjini zikikwama, anaitwa yeye. Ana mshahara mzuri, hanywi, hachezi kamari. Mama mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Mimi siwezi, maana mtoto huyu ana miaka thelathini na minane na ameamua kustaafu akifika arobaini na miwili.

"Ustaafu ufanye nini?" nilimuuliza siku aliponiambia.

"Nikae, Mama."

"Ukae wapi?"

"Popote. Niamke asubuhi, siku iwe yangu mwenyewe."

Nilimgusa paji la uso nikidhani ana homa.

Najua wazo hilo alikolitoa. Baba yake alilinda ghala la saruji maisha yake yote, na kila tulipotaka kwenda mahali, jibu lilikuwa "nikistaafu". Alistaafu mwezi wa tano. Mwezi wa nane tulimzika. Kiinua mgongo chake kilikwenda hospitalini na msibani, kilichobaki tukanunulia mabati. Mwanangu alikuwa kidato cha pili. Hakulia. Alikaa tu akiviangalia viatu vya kazi vya baba yake pale mlangoni, hadi shangazi yake alipokuja kuviondoa. Kwa hiyo sababu ninaielewa. Kinachonimaliza ni mwenendo wenyewe.

Anaishi chumba kimoja ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ni mbovu. Mwenye nyumba hataki kulipia matengenezo, na mwanangu hataki kufanya kazi ya bure, hivyo kodi ni ndogo na magoti yangu ndiyo yanayolipa. Humo ndani amejiwekea sheria. Akitaka kitu, hanunui. Anakichora kwanza sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake kamili, anaishi na mchoro mwezi mzima akiuzunguka asiukanyage. Mwezi ukiisha na bado anakitaka, ananunua. La sivyo anafuta kwa tambara, na pesa inakwenda kwenye vyumba vya kupangisha anavyojenga kidogo kidogo. Friji ilipita. Kochi limechorwa na kufutwa sijui mara ngapi. Siku moja nilifika nikihema, nikajitupa chini, naye akaniambia kwa adabu zote, "Samahani Mama, umekalia meza."

Shangazi yake humwita Mkono wa Birika. Namkemea, lakini moyoni nasema hajakosea.

Ana mchumba, muuguzi wa wodi ya wazazi, wamechumbiana miaka mitano. Binti yule ana moyo. Alikuwa akiingia chumbani anaruka michoro huku anacheka, anauliza kama leo amekaribishwa sebuleni au jikoni. Lakini mimi ni mama, macho yangu hayalali. Siku za karibuni niliona cheko limekuwa fupi. Na chaki akawa anaikanyaga.

Jumamosi moja nilikuwa nimempelekea mwanangu mashuka, muuguzi akaingia na sare yake ya kazi. Hakukaa.

"Nimepewa uhamisho," alimwambia. "Hospitali mpya, mji mwingine. Jumatatu wanataka jibu. Niambie, tunaoana au hatuoani?"

Mwanangu akakuna kichwa. "Nipe mwezi nifikirie."

Muuguzi alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa. "Kwaheri, Mama," akaniambia mimi, akashuka ngazi.

"Mwezi?" nikamgeukia. "Yule ni friji?"

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Miaka mitano unamzungusha mtoto wa watu!"

"Simzungushi. Unadhani vyumba najenga kwa ajili ya nani? Hesabu yote ni ya watu wawili. Ingekuwa ya mtu mmoja, kazi ningeshaacha mwaka jana."

Nikayaweka mashuka chini. "Yeye anajua?"

"Nilitaka nimalize kwanza, ndipo nimwambie."

Ewe Mola! Huyu anafungua mashine nzima akaifunga bila kusahau hata skrubu, lakini kufungua kinywa hawezi. Nilimshika mkono kama mtoto wa chekechea, tukashuka ghorofa zote sita. Tulimkuta binti duka la chini, ananunua vocha ya simu.

"Sema," nikamwambia mwanangu. "Kama ulivyoniambia mimi."

Akasema yote. Nikasubiri binti alie kwa furaha. Badala yake akazidi kuwaka.

"Kumbe umenipangia hadi uzee wangu! Nani kakwambia nataka kuacha kazi? Mimi mama akijifungua salama, narudi nyumbani natabasamu njia nzima. Kazi yangu naipenda. Nataka mume sasa hivi, nataka watoto nikiwa bado naweza kuwakimbiza. Hiyo arobaini na miwili ni yako, mwenzangu."

Muuza duka akapunguza sauti ya redio.

"Huko uendako majengo yenye lifti ni mawili," mwanangu akasema polepole. "Mshahara wangu utakuwa nusu. Nitafika hamsini sijastaafu."

"Basi utastaafu na hamsini. Unakuja, huji?"

Nilimwangalia mwanangu usoni nikiomba asilitamke lile neno mwezi. Niliona miaka yake minane inavyompita machoni, zile asubuhi zake zote alizozihifadhi.

"Nakuja."

Machozi yalinitoka. Nikaanza papo hapo kutaja ukumbi, keki, wapambaji, na kwamba shangazi apewe taarifa kabla hajasikia kwa watu akanuna.

"Ukumbi wa nini, Mama?"

Nikageuka kumjibu mwanangu, kumbe aliyesema ni muuguzi.

"Tutaandikisha ndoa ofisini kwa msajili, kisha tuje kula kwako. Hela ya ukumbi si inaezeka chumba kizima?"

"Viwili," mwanangu akasema, akimtazama mchumba wake kama aliyepewa zawadi.

Mmoja nilikuwa namweza kwa kelele. Sasa wako wawili, na wageni wao wote nitawapikia mimi.